Namna ya Kusoma Tangazo la Ununuzi wa Kampuni ya Nishati Safi Kabla Kikundi Hakijatoa Fedha

Vikundi vya uwekezaji vya Arusha na Moshi, vingi vikiwa vimeanza kama VICOBA au kama michango ya walimu na wastaafu waliotaka kununua kiwanja, sasa vinaletewa aina ya habari ambayo katiba zao hazikuitazamia. Mwanachama anafika kikaoni akisema kwamba kampuni fulani ya teknolojia imetangaza kuinunua nyingine, au kwamba kampuni ya umemejua imepata mamilioni ya dola kutoka Ulaya, na anapendekeza kikundi kinunue hisa haraka kabla bei haijapanda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijadili habari ya aina hiyo kikaoni hadi kikundi kifikie uamuzi ambao kinaweza kuutetea mbele ya wanachama ambao hawakuhudhuria. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea: katika nishati safi, paneli na betri ndizo zinazoongelewa zaidi kwa sababu zinaonekana, lakini kampuni huinuka au huanguka kwa namna inavyopata fedha, kwa sarafu inayodaiwa, na kwa muda inaosubiri hadi mteja amalize kulipa.

Anzeni na kampuni zilizokuwa hapa

Kabla ya kujadili kampuni ya California au ya Shenzhen, kikao kitumie muda kidogo kwa historia ya nyumbani, kwa kuwa Arusha imewahi kuwa kitovu cha biashara hii kwa kiasi ambacho miji mingi ya Afrika haikufikia. Off Grid Electric ilianzia hapa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikifunga mitambo midogo ya umemejua majumbani na kukusanya malipo kidogo kidogo kwa njia ya simu. Ilipata mtaji kutoka kwa wawekezaji wakubwa wa nje, SolarCity ya Marekani ikiwa mmoja wao, na mwaka 2018 ilibadili jina ikaitwa Zola Electric. Mobisol, kampuni ya Berlin, nayo iliendesha shughuli zake za Tanzania kutoka Arusha. Mwezi Aprili 2019 iliingia katika taratibu za ufilisi nchini Ujerumani, na mwaka huohuo Engie ya Ufaransa ikajitokeza kuinunua. Mwaka 2020 Engie iliiunganisha Mobisol na Fenix International, ambayo ilikuwa imeinunua mapema zaidi, pamoja na biashara yake ya gridi ndogo za vijijini, na zote zikawa Engie Energy Access.

Swali la kujadili katika habari ya Mobisol si kama watu walikataa umemejua, kwa maana walioununua walikuwa wengi. Swali ni namna gani kampuni yenye wateja huishiwa fedha, na jibu lake liko katika muundo wa biashara hii popote ifanyikapo. Kampuni hununua vifaa leo, mara nyingi kwa dola. Mteja hulipa kwa shilingi, kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Pengo lililo katikati hujazwa kwa mkopo, na kila mteja mpya huliongeza pengo hilo badala ya kulipunguza, kiasi kwamba kampuni inayokua kwa kasi inaweza kuwa na njaa ya fedha kuliko ile iliyodumaa. Mwanachama aliyewahi kuuza mitumba kwa mkopo pale Soko la Kilombero ataelewa jambo hili bila kuchorewa.

Hesabu ya kufanya ubaoni

Ni vyema hesabu ifanywe mbele ya wanachama wote, kwa sababu ndiyo inayotenganisha matumaini na biashara. Chukueni mfano wa kubuni. Kampuni inafunga mitambo 1,000, kila mmoja ukiigharimu Sh 500,000, hivyo jumla ni Sh milioni 500, na fedha zote ni za mkopo. Mteja anatakiwa kulipa Sh 25,000 kila mwezi kwa miezi 36, yaani Sh 900,000. Wateja wote wakilipa bila kukosa, zitaingia Sh milioni 900. Mkopo una riba ya asilimia 12 kwa mwaka na fedha zilizokopwa zinarudishwa zote mwishoni mwa mwaka wa tatu, kwa hiyo mkopeshaji atachukua Sh milioni 680, yaani milioni 500 alizokopesha na milioni 180 za riba. Zinabaki Sh milioni 220 za kulipia mafundi, wakusanyaji, ofisi, kodi na betri zitakazokufa zikiwa bado ndani ya dhamana.

Sasa punguzeni makusanyo hadi asilimia 70, kiwango ambacho si cha ajabu katika biashara ya kukopesha kaya za kipato kidogo. Zinaingia Sh milioni 630, na kampuni ina upungufu wa Sh milioni 50 mbele ya mkopeshaji kabla haijamlipa fundi hata mmoja. Ongezeni jambo la sarafu: ikiwa mkopo ulikuwa wa dola 200,000 uliochukuliwa dola moja ikiwa Sh 2,500, na unarudishwa dola ikiwa Sh 2,700, deni lenyewe bila riba limekuwa Sh milioni 540. Mwendo wa namna hiyo si wa kufikirika, kwani kati ya mwaka 2022 na katikati ya 2024 dola ilipanda hapa nchini kutoka takribani Sh 2,300 hadi zaidi ya Sh 2,600.

Kutokana na hesabu hiyo, namba ya kwanza ya kutafuta katika taarifa ya kampuni yoyote inayouza kwa malipo ya kidogo kidogo ni kiwango cha makusanyo: katika kila Sh 100 zilizotakiwa kulipwa kipindi hiki, zimelipwa ngapi. Kampuni nyingi hupenda kutangaza idadi ya kaya zilizofikiwa. Idadi hiyo inaeleza vifaa vilivyogawiwa, haielezi fedha zilizorudi, na taarifa inayotaja ya kwanza kwa herufi kubwa huku ikiinyamazia ya pili isomwe kwa shaka. Makusanyo yenyewe yaangaliwe kwa miezi 12 kamili. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu hulipa vizuri baada ya mauzo na husuasua miezi ya kabla yake, kwa hiyo robo moja ya mwaka inaweza kuipendezesha kampuni mbovu au kuichafua kampuni nzuri.

Ulizeni pia gridi iko umbali gani na wateja wa kampuni. Mahali ambapo nguzo za TANESCO zimefika kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na kuunganishiwa umeme kijijini ni Sh 27,000, kaya inayotaka jokofu na pasi haina sababu kubwa ya kuendelea kulipia taa tatu na redio kwa miaka mitatu. Sikusudii kusema kwamba umemejua hauna nafasi vijijini. Ninachosema ni kwamba thamani ya deni la mteja hubadilika siku nguzo inaposimikwa karibu na nyumba yake, na mizania ya kampuni, yaani hesabu ya mali na madeni yake, huchelewa kuonyesha hivyo.

Namba kubwa iliyo kwenye tangazo

Tangazo la kampuni kununuliwa huja na namba moja kubwa, na kikundi kisiijadili namba hiyo kabla hakijajua imeundwa na nini. Kwanza, ni bei ya hisa peke yake, au ni bei ya hisa pamoja na madeni ambayo mnunuzi anayarithi? Mwezi Julai 2020 Sunrun ilitangaza kuinunua Vivint Solar, kampuni nyingine ya Marekani ya umemejua wa majumbani, kwa thamani iliyotajwa kuwa dola bilioni 3.2. Sehemu ya hisa ilikuwa takribani dola bilioni 1.46. Zaidi ya nusu ya namba iliyovuma ilikuwa madeni yanayobadilisha mikono, na mwanahisa wa Vivint hakuwa na chake ndani ya sehemu hiyo.

Pili, malipo ni ya fedha taslimu au ya hisa? Katika ununuzi huo Sunrun haikutoa fedha, ilitoa hisa zake kwa kiwango cha 0.55, maana yake mwenye hisa 100 za Vivint alipata 55 za Sunrun. Anayelipwa kwa hisa hajalipwa bado kwa maana kamili ya neno hilo, kwa sababu thamani ya alichopewa itaendelea kupanda na kushuka pamoja na bahati ya mnunuzi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Tesla na SolarCity, ileile iliyowekeza katika kampuni ya Arusha. Agosti 2016 Tesla ilitangaza kuinunua kwa hisa, kwa kiwango cha hisa 0.110 za Tesla kwa kila hisa moja ya SolarCity, na thamani iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 2.6. Hadi muamala unakamilika Novemba mwaka huo, bei ya Tesla ilikuwa imeshuka na kilichotolewa kikawa na thamani ya takribani dola bilioni 2.1. Kiwango hakikubadilika hata kidogo, ila wanahisa wa SolarCity walipata pungufu ya kile kilichoandikwa magazetini.

Ununuzi huo unaleta swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi katika vikao vyetu: ni nani aliye pande zote mbili za meza? Elon Musk alikuwa mwenyekiti wa bodi zote mbili na mwanahisa mkubwa wa kampuni zote mbili, na SolarCity ilianzishwa na binamu zake, Lyndon na Peter Rive. Wanahisa wa Tesla walishtaki wakidai kwamba kampuni yao ilitumika kuiokoa kampuni ya ndugu. Mahakama ya Delaware mwaka 2022 iliamua kwamba bei ilikuwa ya haki, ingawa ilikosoa namna Musk alivyojihusisha na mchakato, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2023. Kwa hiyo Musk alishinda, lakini wanahisa walisubiri karibu miaka saba kupata jibu. Swali hilohilo liulizwe bila haya pale mwanachama anapopendekeza kampuni ya sola ya shemeji yake.

Nne, mnunuzi anazipata wapi fedha? Vivint Solar, kabla ya kuchukuliwa na Sunrun, iliwahi kuposwa na SunEdison, ambayo Julai 2015 ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 2.2. SunEdison ilikuwa na sifa kubwa wakati huo, ikinunua miradi huku na huku kwa fedha za kukopa. Wakopeshaji walipoanza kusita, bei ya hisa zake iliporomoka, Vivint ikajitoa Machi 2016, na mwezi uliofuata SunEdison ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Aliyenunua hisa za SunEdison kwa sababu ya ukubwa wa manunuzi yake alinunua madeni yake pasipo kujua. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba mnunuzi achunguzwe kwa ukali kuliko anayenunuliwa, hasa mnunuzi mwenye haraka.

Vibali, na thamani ya kusubiri

Tangazo si ununuzi. Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard Januari 2022 kwa takribani dola bilioni 68.7, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikakataa Aprili 2023, masharti yakabadilishwa, na muamala ukakamilika Oktoba 2023. Nvidia ilitangaza kuinunua Arm Septemba 2020 na ikaachana na mpango huo Februari 2022 kwa sababu ya upinzani wa wasimamizi. Hayo ni mambo ya mbali, lakini yapo na ya karibu. Oktoba 2021 Scancem, mwenye hisa nyingi wa Twiga Cement, ilitangaza kuchukua hisa nyingi za Tanga Cement. Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Tume ya Ushindani, lilitengua idhini ya Tume mwaka 2022, na Tume ikaidhinisha tena mwaka 2023. Saruji si nishati safi, ila mwanachama aliyenunua hisa za Tanga akitarajia muamala wa miezi michache alipata somo la bure ambalo linafaa kwa kampuni yoyote iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kwa hapa nchini, muunganiko unaovuka kiwango kilichowekwa kisheria hauwezi kutekelezwa kabla Tume ya Ushindani haijaupitia. Kwa miamala inayovuka mipaka ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ilianza kupokea maombi ya muunganiko Novemba 2025. Kampuni zilizo sokoni zinasimamiwa pia na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo ina kanuni za kulinda wanahisa wadogo pale mtu mmoja anapochukua sehemu kubwa. Mhusika wa kikundi aandike kwenye karatasi moja vibali vyote vinavyohitajika na hali ya kila kimoja. Kama tangazo halivitaji, hiyo nayo ni habari.

Namna ya kupima shaka ya soko ni kulinganisha bei iliyoahidiwa na bei ya leo. Tuseme mnunuzi ameahidi Sh 1,000 kwa hisa, na sokoni inauzwa Sh 800. Sh 200 zilizo katikati si zawadi iliyosahaulika barabarani. Kama muamala ukivunjika hisa itarudi Sh 600 ilikokuwa kabla ya tangazo, basi mnacheza kupata 200 au kupoteza 200, na ununuzi huo una maana tu mkiamini kwamba uwezekano wa kukamilika ni zaidi ya nusu, tena zaidi kidogo, kwa sababu fedha zenu zitakuwa zimefungwa wakati hati fungani za Serikali, yaani mikopo ambayo Serikali huchukua kwa umma, zinalipa riba. Mwenye kupendekeza aulizwe anakadiria uwezekano huo kuwa kiasi gani na kwa misingi ipi.

Kwa madini ya betri kuna kipengele cha ziada ambacho wasomaji wa habari za nje hukipita haraka. Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya mwaka 2017 inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, bila Serikali kuchangia mtaji. Katika mradi wa nikeli wa Kabanga, kampuni ya Tembo Nickel ina mbia huyo ndani yake. Lifezone Metals, iliyo nyuma ya mradi huo, iliingia Soko la Hisa la New York Julai 2023 kwa kuungana na GoGreen Investments, kampuni ambayo ilikusanya fedha za wawekezaji kwanza na kutafuta cha kununua baadaye. Katika muundo wa aina hiyo wawekezaji wa awali wana haki ya kudai fedha zao zirudishwe badala ya kuingia katika muungano, hivyo kiasi kilichotangazwa na kiasi kinachoufikia mradi vinaweza kutofautiana sana. Mwaka 2025 BHP, kampuni kubwa ya madini ya Australia, iliiuzia Lifezone asilimia 17 iliyokuwa nayo katika Kabanga Nickel, kampuni mama ya Tembo Nickel. Mbia mkubwa anapotoka, kikundi kisikimbilie kusema mradi umekufa wala kwamba umekomaa. Kitafute masharti ya malipo, kwa sababu malipo yanayosubiri mafanikio ya mbeleni yanaeleza mengi kuhusu imani ya pande zote mbili.

Umeme unaonunuliwa na nani?

Kampuni za teknolojia zimeingia katika habari za nishati kwa sababu vituo vyao vya kuhifadhia data vinahitaji umeme mwingi usiokatika. Septemba 2024 Microsoft na Constellation, kampuni ya umeme ya Marekani, zilitangaza mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, kinu kilichofungwa mwaka 2019, chenye uwezo wa takribani megawati 835. Kinachofanya tangazo hilo kuwa zito ni mkataba wa muda mrefu na mnunuzi mwenye uwezo wa kulipa, kwa kuwa ndio unaomwezesha mzalishaji kukopa kwa riba nafuu.

Kipimo hicho kitumike hapa nyumbani. Ukisoma kwamba kampuni imesaini makubaliano ya kuzalisha megawati 100 za jua, uliza kama ni hati ya makubaliano ya awali, ambayo haimfungi mtu, au ni mkataba wa kuuziana umeme uliopitia EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mnunuzi mkubwa nchini ni TANESCO, na yeye ana chaguo nyingi kuliko alizokuwa nazo miaka kumi iliyopita. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inapita hapa Arusha kwenye kituo cha kupoza umeme cha Lemugur, na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, ambayo iko mbali na vyanzo vikubwa na hupoteza umeme mwingi njiani.

Mambo hayo yanagusa moja kwa moja kampuni ya sola inayowafungia mitambo wenye hoteli za watalii, mashamba ya maua ya Usa River au hospitali za Moshi. Mteja wa aina hiyo hununua kwa sababu mbili tofauti, kuepuka kukatika kwa umeme na kupunguza ankara, na kampuni nzuri inajua wateja wake wangapi wako upande upi. Gridi ikitulia, sababu ya kwanza inafifia, ya pili inabaki. Hoteli iliyo porini mbali na nguzo haimo katika hesabu hii kabisa, na kwa maoni yangu hao ndio wateja wanaofaa kupewa uzito, japokuwa ni wachache.

Kikundi kinaweza kununua nini hasa

Orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam imejaa benki, saruji, bia na simu, na kampuni inayoishi kwa nishati safi peke yake ni vigumu kuipata humo. Njia iliyo wazi zaidi kwa kikundi cha hapa ni hati fungani za kijani, ambazo fedha zake huelekezwa kwenye miradi inayojali mazingira. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza Kijani Bond kwa riba ya asilimia 10.25 na kukusanya Sh bilioni 171.8, mbali kabisa juu ya lengo lake la awali. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilikusanya Sh bilioni 53.12 kwa hati fungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5. Tofauti ya riba hizo mbili ina sababu: mmoja ni benki kubwa na muda ni miaka mitano, mwingine ni mamlaka ya maji inayokopa kwa miaka kumi. Msiseme kwamba ya pili ni bora kwa kuwa inalipa zaidi. Semeni inalipa zaidi kwa sababu gani, kisha mwamue kama sababu hiyo mnaweza kuibeba.

Kwa teknolojia, Vodacom Tanzania inafaa kuwa kielelezo cha kudumu. Mwaka 2017 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa Sh 850, zikakusanywa Sh bilioni 476, na kwa miaka kadhaa baadaye bei sokoni ilikuwa chini ya hapo, ingawa kila mwanachama alikuwa na laini ya simu hiyo mfukoni. Jina linalojulikana na hisa yenye bei nzuri ni mambo mawili. Ng'ambo ya Namanga kuna KenGen, mzalishaji wa umeme wa jotoardhi wa Olkaria, na kuna Safaricom, ambayo Desemba 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza kuiuzia Vodacom ya Afrika Kusini asilimia 15 ya hisa zake kwa Sh 34 za Kenya kwa hisa. Ukiwa na hisa za Safaricom, swali lako si kama bei hiyo ni nzuri kwa Serikali, bali kama wewe mwanahisa mdogo unapewa nafasi ya kuuza kwa bei hiyohiyo.

Kununua nje ya Afrika Mashariki kuna kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, na benki yenu iulizwe kabla ya kutuma chochote. Kununua ndani hufanyika kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji au programu ya Hisa Kiganjani, na gawio la kampuni iliyo sokoni hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijawafikia. Mtu anayewataka mtume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ili "awawekee nafasi" katika kampuni ya kigeni asijadiliwe kikaoni hata kidogo.

Kuendesha kikao

Katika vikao vyetu, hasa Moshi, ni vigumu kwa kijana kumwambia mzee kwamba pendekezo lake lina kasoro. Dawa yake ni kuufanya upinzani uwe kazi ya zamu. Mwenyekiti amteue mwanachama mmoja kutetea pendekezo na mwingine kulipinga, majina yatajwe wiki mbili kabla, na anayepinga awe na haki ya kusema, "Mzee, kwa heshima, naomba utuonyeshe ukurasa wa madeni," bila mtu kuona amevunjiwa adabu. Mama Mweka Hazina asipewe zamu yoyote kati ya hizo mbili. Kazi yake ni kusema fedha zilizopo ni kiasi gani na zinahitajika lini, kwa maana fedha za ada za shule za Januari haziwezi kusubiri kibali cha Tume ya Ushindani.

Mimi nashauri kikundi kisiweke zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mfuko wake katika hisa za kampuni iliyo katikati ya ununuzi, na kwamba wingi wa kura ukikosekana pendekezo lirudi kikao kijacho badala ya kulazimishwa usiku huo. Uamuzi ukifikiwa, muhtasari uandikwe kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataelewa, kwa mfano: "Kikundi kimeamua kununua hisa za Kampuni A zisizozidi thamani ya Sh milioni 3, kwa bei isiyozidi Sh 800 kwa hisa, kwa sababu muamala umeshapata kibali cha Tume ya Ushindani na malipo ni ya fedha taslimu. Kikundi kitauza iwapo mnunuzi atabadili malipo kuwa ya hisa, au iwapo muamala hautakuwa umekamilika ifikapo tarehe 30 Juni. Katibu ataleta taarifa ya akaunti ya hisa katika kila kikao, na suala hili litajadiliwa tena kikao cha Aprili." Nakala ya muhtasari huo ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, na ya tatu iambatanishwe na maelekezo anayopewa dalali.